Maradhi ya Utumbo Katika Ukoo: Kinachorithiwa na Kisichorithiwa

Mkulima wa Izimbya, katika Wilaya ya Bukoba, hupanda mgomba kwa kung'oa chipukizi kutoka shina mama. Chipukizi hilo hurithi tabia zote za mama yake. Likipandwa kibanjani, karibu na nyumba, penye samadi na nyasi za kufunika udongo, huzaa mkungu mkubwa. Likipandwa rweya, kwenye ardhi ya nyasi isiyo na rutuba, hudhoofika. Urithi ni uleule, lakini matokeo ni mbalimbali. Ndivyo yalivyo pia maradhi fulani ya utumbo ambayo huonekana zaidi katika baadhi ya koo.

Maradhi hayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni maradhi ya Crohn, yaliyoelezwa na madaktari watatu wa New York mwaka 1932, ambayo huweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula. Ya pili ni uvimbe wenye vidonda katika utumbo mpana. Katika yote mawili, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huudhuru utumbo wenyewe. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha kwa majuma mengi, pengine damu, na hukonda. Maradhi haya hayaambukizi.

Mwaka 2001 wataalamu walitambua kwamba baadhi ya wagonjwa wa Crohn wana kasoro katika jeni iitwayo NOD2. Jeni ni sehemu ndogo ya urithi ambayo mtoto huipokea kwa wazazi wake, na hii husaidia chembe za mwili kuvitambua vijidudu vya tumboni. Kasoro zake zinazojulikana sana Ulaya ni nadra miongoni mwa Waafrika. Tangu hapo zimegunduliwa sehemu nyingine za urithi zaidi ya 200 zinazohusika, kila moja ikichangia kidogo tu.

Hata hivyo, urithi peke yake hautoshi. Pacha waliotokana na yai moja wana urithi mmoja. Lakini mmoja akipatwa na maradhi ya Crohn, mwenzake hupatwa nayo katika nusu ya visa au pungufu. Kwa vidonda vya utumbo mpana, ni pungufu ya moja ya tano.

Ushahidi mwingine umetoka kwa watu waliohama Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, na wengi wao wakahamia mji wa Leicester, Uingereza. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba vidonda vya utumbo mpana vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa wakazi wa eneo hilo wenye asili ya Bara Hindi kuliko miongoni mwa wenyeji wa Kizungu. Urithi wa mtu haubadiliki kwa kuvuka bahari. Kinachobadilika ni mazingira: chakula, vijidudu vya tumboni, na dawa anazotumia tangu utotoni.

Je, jambo hili lina maana gani kwa jamaa wa Kagera? Watu wawili wa nyumba moja wakiharisha damu, hapana budi kwanza kushuku yale yaliyo ya kawaida: maji machafu, amiba, kichocho cha utumbo, au kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana sana na maradhi ya Crohn. Kukosea ni hatari. Dawa za kutuliza kinga ya mwili, akipewa mwenye kifua kikuu au amiba, huweza kumwangamiza. Kwa upande mwingine, mgonjwa anayetibiwa amiba kila mwezi bila kupona huendelea kuharibika utumbo. Huyo apelekwe hospitali ya rufaa, kama ile ya Bugando mjini Mwanza, ili utumbo utazamwe kwa mpira wenye taa na kinyofu chake kipimwe. Naye amweleze daktari kama yuko ndugu aliyeugua vivyo hivyo.

Wala ukoo huo usidhaniwe umelogwa, au kukataliwa posa. Mzazi mmoja akiwa mgonjwa, watoto wanaopatwa na maradhi haya ni wachache kuliko 1 katika 10. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua. Ugonjwa wenyewe huhitaji sababu nyingine pia.