Mgeni wa Berega aijua Mikumi, mtoto wa Kilosa bado

Berega na mji wa Mikumi vimo wilaya moja ya Kilosa, mkoani Morogoro. Berega iko kaskazini, kwenye vilima vya Ukaguru, upande wa barabara iendayo Dodoma. Mikumi iko kusini, kando ya barabara kuu ya Iringa na Zambia. Mwanafunzi wa udaktari anayetoka Uingereza au Marekani kuja Berega kwa wiki sita au nane mara nyingi huwa hajamaliza mwezi kabla ya kupanda gari kwenda kuangalia tembo. Mtoto wa muuguzi anayemwelekeza kazi wodini anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amemwona tembo kwenye noti ya shilingi 10,000 tu.

Si kosa la mgeni, na wala umaskini hauelezi kila kitu. Kuna familia zinazochanga fedha nyingi kwa sherehe ya jioni moja, lakini safari ya kuwapeleka watoto hifadhini haijawahi hata kutajwa mezani. Utalii umewekwa kwenye kabati la wageni, pamoja na vikombe vizuri.

Wiki ya kwanza picha, wiki ya tatu ndoo

Wageni wengi wa Berega huletwa na hospitali. Ni hospitali ya misheni chini ya Kanisa Anglikana, na kwa miaka mingi imepokea madaktari, wauguzi na wanafunzi kutoka nje. Watu wa huku wamezoea wageni wasioondoka mapema. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza waliweka makazi Mamboya, jirani na hapo, tangu miaka ya 1880. Mwaka 1957 alifika Mmarekani T. O. Beidelman, mtaalamu wa anthropolojia, akaishi na Wakaguru, akarudi tena na tena, na mwaka 1971 akatoa kitabu kuhusu jamii hii inayohesabu ukoo kwa upande wa mama.

Wageni wa siku hizi hawaandiki vitabu, lakini ngazi wanazopitia hazitofautiani sana. Wiki ya kwanza kila kitu ni picha: vilima, machweo, mbuzi barabarani, watoto wanaokimbilia kamera. Wiki ya pili ni tumbo na usingizi chini ya chandarua. Kufika wiki ya tatu, simu inakaa mfukoni na kazi zinaanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe lenyewe mara nyingi ni ndoo. Mgeni anajifunza kuchota maji na kuyachemsha, kuwasha mkaa bila kumaliza kiberiti kizima, kufua kwa mikono na kuanika kabla jua halijahama. Anajifunza kwamba huwezi kumpita mama wa genge ukiwa na haraka zako. Kuna shikamoo, kuna habari za nyumbani, kuna za kazi, ndipo nyanya zinunuliwe.

Kuna wanaoona uchovu kwenye salamu hizi. Wanaokaa muda mrefu ndio hugundua faida yake. Mama wa genge aliyesalimiwa kila siku ndiye anayetuma mtoto kuulizia mbona dada hajaonekana tangu juzi, kumbe dada ana homa.

Kuhusu picha, mzazi ana neno la kusema. Mtoto kucheka mbele ya kamera haimaanishi kwamba familia imekubali sura yake izunguke mitandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, kumwambia mgeni "huyu usimpige picha" si ukosefu wa ukarimu. Wageni wenye adabu huomba ruhusa wenyewe. Wengine wanahitaji kukumbushwa, na hawakasiriki.

Binti anayekaa kuliko mgeni yeyote

Kinachowagusa wageni wengi, hata hivyo, hakimo sokoni wala kwenye ndoo. Kimo wodini. Hospitali za vijijini hutegemea ndugu: wao ndio wanaopika, wanaofua, wanaolala chini karibu na kitanda cha mgonjwa. Kijana aliyezoea hospitali za kwao, ambako ndugu huja na maua saa ya kutazama wagonjwa kisha akaondoka, hukuta shangazi, mama mkubwa na jirani wamehamia na sufuria zao.

Mwaka 2009 mwandishi Denise Grady wa gazeti la New York Times alifika Berega na kuandika juu ya akina mama wanaofariki wakati wa kujifungua. Takwimu za kitaifa zilizotokana na utafiti wa mwaka 2004/05 zilikuwa zikionyesha vifo 578 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104. Safari hiyo ndefu imefanywa kwa sehemu kubwa na wauguzi na madaktari wasaidizi wa vijijini, ambao mgeni huwakuta wakifanya upasuaji wa uzazi usiku wa manane.

Grady aliandika pia kuhusu kituo cha watoto yatima kilichopo Berega. Kilipokea vichanga waliofiwa na mama, lakini mtoto hakuja peke yake. Ukoo ulimtoa msichana mmoja, dada au ndugu mwingine wa karibu, aje aishi na mtoto palepale: amlishe, ambebe mgongoni, amwimbie akilia usiku. Kituoni aliitwa binti. Mtoto akifikisha miaka miwili au mitatu, anakula chakula cha kawaida na hahitaji tena maziwa ya kopo, alirudi kwa ndugu zake akiwa na mtu anayemjua.

Mgeni aliyefika akiwa na picha ya kituo cha yatima kama mahali pa kuachia watoto hulazimika kufikiri upya. Kwa Mkaguru, mtoto wa dada aliyefariki ni wa ukoo kabla hajawa yatima. Maziwa yanaweza kutoka kwa wafadhili, lakini mgongo wa kumbeba hutoka nyumbani.

Ukitazama vizuri, aliyeishi ugenini kwa kweli pale Berega ni huyo binti. Mwanafunzi wa Ulaya anakaa wiki nane, ana pasipoti na tiketi ya kurudi. Binti aliacha kijiji chao, akakaa miaka miwili akilea mtoto asiyemzaa, na Jumamosi hakukuwa na gari la kumpeleka kuona twiga. Na shule yake? Ukoo unapomchagua msichana wa kulea, iwe ni kituoni au nyumbani, swali hilo linapaswa kujibiwa kabla nguo zake hazijafungwa. Kulea ni heshima, ila si haki heshima hiyo ilipiwe na darasa alilokatisha.

Jumamosi ya tembo

Wageni wakipata siku za mapumziko huchangishana fedha za gari na mafuta. Njia ni mbili: kupita Dumila, kisha Kilosa mjini hadi Mikumi, au kuzunguka kwa Morogoro mjini. Wanaopita Kilosa hupata ziada ya njiani: mashamba ya mkonge upande wa Kimamba, na reli mbili za zama tofauti. Ya kwanza ni reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani, ambayo mafuriko ya mto Mkondoa yaliiharibu vibaya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Ya pili ni reli ya kisasa ya umeme, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na inayopenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Mtoto anayependa treni hahitaji simba siku hiyo.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Jina linatokana na mikumi, miti ya jamii ya mnazi. Uwanda wa Mkata ndio wenye sifa zaidi: pundamilia, nyumbu, nyati na swala huonekana kwa makundi, twiga wakiwa nyuma yao, na kwenye bwawa viboko wamelala wamebanana kama magunia. Simba ni bahati. Mzazi asimwahidi mtoto simba, maana siku nzima itageuka kuwa ya kununa.

Kinachozuia familia nyingi kwenda ni bei waliyoisikia, na mara nyingi waliyoisikia ni ya mgeni. Mtalii kutoka nje hulipa kiingilio kwa dola, 30 kwa mtu mzima kabla ya kodi. Mwananchi wa Tanzania na wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha. Watoto hulipa pungufu ya hapo, na walio chini ya miaka mitano huingia bure. Viwango hubadilika, kwa hiyo ni vizuri kuvihakikisha TANAPA kabla ya safari, na kubeba kitambulisho. Malipo si ya noti mkononi langoni. Mtu aende na kadi au fedha kwenye simu.

Gharama kubwa ni gari. Hapa ndipo wazazi wangeiga mtindo wa wageni: hawaendi mmojammoja. Familia nne au tano, wafanyakazi wa zahanati moja au walimu wa shule moja wakikodi Kosta kwa siku moja, mzigo hugawanyika hadi kubebeka. Likizo ya katikati ya mwaka inafaa, kwa kuwa mvua zimekwisha, nyasi zimepungua na wanyama husogelea maji. Chakula kipikwe nyumbani. Watoto wasivae nguo za bluu iliyokolea wala nyeusi, kwa sababu rangi hizo huvuta mbung'o, na mbung'o wa Mikumi wanauma kupitia shati.

Kwa familia ambayo mwaka huu haina hata mchango wa Kosta, ipo njia ya bure inayosahaulika. Barabara kuu ya kwenda Iringa hukatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, ikiwa na matuta ya kupunguza mwendo, na dereva anayegonga mnyama hutozwa faini. Abiria anayepita tu halipi kiingilio. Kama kuna safari ya kwenda kwa bibi Iringa, Mbeya au Songea, kata tiketi ya basi litakalopita Mikumi mchana, umkalishe mtoto dirishani, na umwamshe mkishapita lango.