Nilimaliza pipa la maji la gesti, nikaumbuka!

MTOTO wa mjini humjui mpaka umpe bafu. Mimi nilijulikana Katesh, wilayani Hanang, mwezi wa Agosti, na mpaka leo nikikumbuka natamani kujifunika shuka.

Safari yenyewe, msomaji wangu, ilikuwa ya kujirusha. Washikaji watatu tulitoka Arusha na basi la asubuhi, tukapita Babati, tukateremka Katesh na nia moja tu: kuupanda Mlima Hanang, mita 3,420, tupige picha kileleni, turudi mjini kuringa. Nilikuwa pia na shangazi yangu aliyeolewa Gehandu, hukohuko Hanang, nikaahidi kwamba nikishuka mlimani nitapita kumwamkia.

Tulipata gesti safi, bafu uani. Kiangazi kilikuwa kimekolea, upepo wa vumbi mchana, baridi ya kukata masikio jioni. Mhudumu, binti mpole tu, akatuletea kila mtu ndoo ya maji ya moto. "Karibuni kaka zangu, ya baridi ya kuchanganyia yamo kwenye pipa."

Nililiona lile pipa la lita 200 kama bahari. Nikaoga mara ya kwanza kutoa vumbi, mara ya pili kujifurahisha. Nikafua jinzi. Nikasugua raba mpaka zikawa nyeupe pee, huku naimba. Niliposikia kopo linakwaruza chini ya pipa, nikadhani watajaza. Kwani bomba si lipo?

Saa mbili usiku namwona yule binti anasukuma toroli lenye madumu kuelekea nje.

"Dada, usiku huu unakwenda wapi?"

"Kutafuta maji, kaka. Bomba halijatoa tangu juzi. Yale yalikuwa ya wageni wote wa leo na ya chai ya asubuhi."

Hakununa wala hakunisema. Hicho ndicho kilichonichoma. Angenitukana ningepata la kujibu.

Nikavaa koti, nikashika toroli. Foleni tuliyoikuta ilikuwa ya akina mama na watoto, wamejifunga kanga na mashuka kwa baridi. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Pipa langu la starehe lilikuwa madumu kumi, yaani kilo 200. Tulirudi kwa safari ya mwisho saa tano usiku, mikono imekufa ganzi. Njiani binti akanipa siri: maji ya mgawo yakikatika, mgeni hufungua bomba, akiona kavu analiacha wazi, anakwenda kulala. Maji yakirudi usiku wa manane, yanamwagika mpaka kunakucha.

MLIMA USIO NA MAJI

Kesho yake tukapanda kwa njia ya Jorodom. Kiongozi wetu alionya mapema: kila mtu abebe maji yake yote, njiani hakuna. Nikabeba lita tatu, nikajiona mjanja. Kabla ya kileleni zilikuwa zimekwisha, na mimi niliyemaliza pipa zima jana yake nikaanza kuomba vifuniko vya chupa kwa wenzangu.

Nilimuuliza kiongozi, inakuwaje mlima mkubwa hivi unakuwa mkavu? Akanielewesha. Msitu wa mlimani unanasa mvua na ukungu, maji yanazama kwenye udongo na miamba ya volkano, halafu yanatokea chini kama chemchemi. Mlima hauna chake, unachokipata unawapa walio chini. Ndiyo maana kukata mti kule juu ni sawa na kukata bomba la mji.

Kutoka juu tuliliona ziwa Balangida, jeupe kwa chumvi. Kiangazi kikizidi hubaki uwanda mweupe mtupu. Ziwa liko hapo, na ukilinywa kiu inaongezeka!

Wengine watasema, si wachimbe visima tu? Navyo vina mambo yake. Sehemu nyingi za ukanda huu wa Bonde la Ufa maji ya chini ya ardhi yana madini ya floraidi, yanayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia na yakizidi sana yanaharibu mifupa. Na kuchemsha hakuyatoi. Kwa hiyo maji matamu ya chemchemi na ya mvua ni mali.

KWA SHANGAZI GEHANDU

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekauka midomo?"

Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikashinda nikimwangalia. Maji aliyooshea mboga alimpa ndama. Ya kusuuzia nguo aliyaweka kando, yakadekia sakafu. Yaliyodekia akayapeleka kwenye mche wa parachichi nyuma ya nyumba. Ndoo moja, kazi tatu.

"Hapa maji hatuyamwagi, mwanangu," akaniambia. "Tunayahamisha."

Pembeni ya nyumba kulikuwa na mfereji wa bati unaoteremka kwenye simtanki. Piga hesabu hii: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya paa la mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, mahali penye milimita 600 kwa mwaka, linapokea lita 30,000. Hata ukipoteza moja ya tano, unabaki na lita 24,000. Hayo ni madumu 1,200 ambayo hakuna binti atakayeyasukuma usiku.

Wala usidhani Hanang mvua hainyeshi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani, vikaingia Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Mji huohuo unaolilia maji Agosti ulilizwa na maji Desemba. Mvua huja kwa mkupuo, halafu miezi inapita bila tone, na asiye na pa kuyaweka hana chake.

WAGENI NDIO TUNAOKUNYWA ZAIDI

Mambo haya hayako Katesh peke yake. Mwaka 2012 lililokuwa shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa utafiti kuhusu vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, Zanzibar. Kwa wenyeji, wastani ulikuwa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha gesti, lita 686. Hoteli ya nyota tano, hadi lita 3,195 kwa chumba! Na Cape Town, Februari 2018, ukame ulipobana, kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, tajiri kwa maskini.

Wenye gesti, hamuhitaji mamilioni. Mfereji wa bati na tanki. Ndoo na kopo kwa kila mgeni. Karatasi ukutani inayosema ukweli: "Maji haya yamebebwa." Nasi vijana wa mjini, tufunge bomba hata kama ni kavu, tusifulie jinzi kwenye maji ya watu, na tusione aibu kuoga ndoo moja.

Usiku wa mwisho nilirudi gestini. Binti akaniletea ndoo yangu, akaniangalia kwa jicho la pembeni. Nilipotoka bafuni nikamrudishia ikiwa na robo.

"Kaka, kweli umeoga?"

"Nimeoga, na hayo yaliyobaki dekia."

Akacheka. Tangu siku ile nikiingia gesti yoyote, kabla sijaulizia chakula wala chumba chenye televisheni, nauliza kwanza: maji ya hapa nani anayabeba? Wewe nawe jaribu kuuliza safari ijayo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.