Zawadi za Safari: Vyakula vya Ugenini na Hukumu Zake

  

Msafiri wa visiwani akirudi harudi mikono mitupu. Anayetoka Umra hufungua sanduku zikatoka tende za Madina na dumu la Zamzam. Anayetoka Maskati huleta halua, anayetoka Istanbul huleta lokum. Na siku hizi wanaokwenda Guangzhou kwa biashara hurudi na paketi za peremende, keki na tambi ambazo nyumbani hakuna awezaye kusoma maandishi yake. Mama anauliza, "Hiki nini?" Watoto wameshafungua.

Hapo ndipo linapozuka swali: "Kaka yetu katuletea zawadi, tumekula, kisha tumeambiwa mna nguruwe. Je, tumepata dhambi? Na kaka tumwambie nini?" Tutalijibu In shaa Allah, lakini kwanza tuweke msingi.

Zawadi ya chakula ina asili katika Sunna

Imepokewa na Tirmidhi kuwa Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akibeba maji ya Zamzam, akieleza kuwa Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akiyabeba. Basi mwenye kubeba dumu lake asione ni mzigo wa bure.

Na katika Bukhari na Muslim mna kisa kinachofanana sana na hali yetu. Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwa Bibi Maymuna (R.A.) akawekewa nyama ya dhabu, aina ya mjusi mkubwa wa jangwani. Nyama hiyo ililetwa kutoka Najd na dada yake Bibi Maymuna. Mtume (S.A.W.) alipotaka kunyoosha mkono, mmoja wa wanawake waliokuwapo alisema aelezwe alichowekewa. Alipoelezwa aliuondoa mkono. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila hakipatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikipendi. Khalid akakivuta, akakila, na Mtume (S.A.W.) anamtazama.

Kisa hiki kinatupa mambo mawili. La kwanza, ugeni wa chakula haukifanyi kuwa haramu. Usikitupe chakula cha watu kwa sababu hukukizoea, wala usimkataze mwenzio kile ambacho Sharia haikumkataza. La pili, mlaji ana haki ya kujua anachowekewa. Wale wanawake hawakunyamaza kwa kuona haya. Walisema kabla mkono haujafika mdomoni.

Kanuni mbili za kushika

Kanuni ya kwanza: asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharamisha. Matunda, nafaka, viungo, asali na samaki wa ugenini huingia hapa. Halua ya Oman hupikwa kwa wanga, sukari, samli, zafarani na iliki, na halua yetu ya Wete ni jamaa yake. Lokum ya asili ya Kituruki nayo ni wanga na sukari. Hivi havina tatizo kwa asili yake.

Kanuni ya pili: nyama ya mnyama wa nchi kavu haihalaliki mpaka iwe imechinjwa kisharia. Ukiwa katika mji wa Waislamu huna haja ya kumpeleleza kila muuza nyama. Watu walimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa wanaletewa nyama na watu waliosilimu karibuni, na hawajui kama wametaja jina la Allah. Akawaelekeza watajie wao jina la Allah kisha wale. Hadithi hii ameipokea Bibi Aisha (R.A.) na imo katika Bukhari. Lakini katika nchi ambayo wachinjaji wake wengi si Waislamu wala Ahlul Kitab, nyama isiyojulikana imechinjwa na nani huachwa, hata ikiwa ni ya kuku au ng'ombe.

Haramu inayojificha

Shida ya zawadi nyingi si kipande cha nyama. Ni vile vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

*Jelatini* hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe. Imo katika peremende laini za kutafuna, baadhi ya mtindi na maganda ya vidonge. Wanavyuoni wamekhitalifiana: je, najisi ikigeuka kuwa kitu kingine husafika? Mahanafi wana wigo mpana katika jambo hili. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, yaliyoenea visiwani kwetu, njia hiyo ni finyu: pombe iliyogeuka siki yenyewe, ngozi iliyotiwa dabghi, na machache mengine. Na ngozi ya nguruwe haisafiki hata kwa dabghi. Kwa hiyo jelatini ya nguruwe inaachwa. Ya samaki haina neno, na ya ng'ombe hutazamwa uchinjaji wake.

*Mafuta ya nguruwe* hutiwa katika keki na mikate ya baadhi ya nchi. Keki za mwezi za Kichina, kwa mfano, kwa desturi nyingi za zamani hupikwa nayo. *E471* ni mafuta yanayoweza kutoka kwa mimea au kwa mnyama, na namba peke yake haisemi ni lipi.

*Pombe* imo katika baadhi ya chokoleti za zawadi, na katika mirin, kiungo cha Kijapani cha mapishi kinachotokana na mchele. Vanila ya maji aghlabu hukamuliwa kwa alkoholi. Anayetoka Ngazija anaweza kutuletea vanila ya maganda, akatuondoshea shaka.

Swali huulizwa dukani

Hili ndilo tunalotaka msafiri alishike. Chakula kikishafika Unguja, Pemba au Lamu, hakuna tena wa kuulizwa. Muuzaji yuko mbali, na waliobaki nyumbani wanakutegemea wewe. Kwao wewe ni mwaminiwa. Kwa hiyo:

1. Tafuta alama ya halali. Katika China huandikwa 清真, na utaiona katika migahawa ya Waislamu wa huko. Guangzhou ina Msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya China. Waulize wanaosali hapo wananunua wapi.
2. Jifunze neno moja tu, la nguruwe, katika lugha ya nchi unayokwenda. Kichina ni 猪, Kituruki *domuz*, Kijerumani *Schwein*, Kifaransa *porc*, Kihispania *cerdo*.
3. Usipoweza kusoma, piga picha maandishi yaliyo nyuma ya paketi umtumie ajuaye, kabla ya kulipa.
4. Ukibaki na shaka ya kweli, acha, ununue tende, njugu au majani ya chai. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kujiepusha na yenye kutatiza ameilinda dini yake na heshima yake.

Ikiwa mmeshakula

Aliyekula bila kujua hana dhambi, kwani Allah (S.W.) ameusamehe umma huu kukosea na kusahau. Hapana kafara. Sukutueni vinywa, na kilichobaki kitupwe. Asipewe jirani wala kisiuzwe. Chombo kilichogusana nacho kikiwa na majimaji, kwa Mashafi'i, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ama ikiwa ni maneno ya mtu tu, bila maandishi wala ushahidi, kwanza hakikisheni. Halali ya Allah haigeuzwi haramu kwa uvumi.

Na kaka yenu mwambieni faraghani, kwa upole. Msimuaibishe mbele ya wakwe na watoto. Alihesabu pesa zake ugenini, akakukumbukeni, akabeba mzigo mabara mawili. Mshukuruni kwa nia yake, kisha mmuoneshe lile neno kwenye paketi ili safari ijayo alitambue. Nayo ni nasaha, na nasaha haikati udugu.

Wallahu a'lam.