Kabla Hujaing'oa Sensa ya Oksijeni

Mwalimu mmoja wa Muheza aliniletea Toyota Carina yake akiwa na sensa mbili za oksijeni mkononi, moja kuukuu na nyingine ya miezi mitatu. "Fundi, hii itakuwa ya tatu," akaniambia, "na gari bado linakula mafuta." Tukaliwasha likiwa baridi, boneti juu. Kwenye kiungo cha manifoldi ya eksozi ukasikika mlio mdogo, tik tik tik. Gasketi ilikuwa imepasuka, na upenyo ule ulikuwa unafyonza hewa ya nje. Hewa hiyo ikipita mbele ya sensa, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli imepungua, nayo inamwaga zaidi. Sensa zote mbili alizoshika mwalimu zilikuwa nzima. Zilikuwa zimesema kilichopita mbele yao.

Sijui kifaa kinachohukumiwa bure kuliko hiki kwenye magari ya petroli ya miaka ya 1990 tuliyo nayo huku pwani ya Tanga. Plagi zikitoka nyeusi kama sufuria ya kuni, moshi ukinuka petroli, taa ya injini ikiwaka, jibu la haraka ni "badilisha oksijeni sensa". Kazi ya kuibadilisha unaweza kuifanya uani kwako. Lakini ipime kwanza.

Sensa hii imechomekwa kwenye bomba la eksozi jirani na injini, nayo inafanana na plagi yenye nyaya. Kazi yake ni kuonja moshi. Kilo moja ya petroli ili iungue sawasawa inataka takriban kilo 14.7 za hewa. Ncha ya sensa ni kauri ya zirkonia. Upande wake mmoja unagusa moshi, wa pili unagusa hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo inazaa umeme mdogo. Petroli ikiwa kidogo, umeme unashuka hadi karibu volti 0.1. Petroli ikizidi, unapanda hadi karibu 0.9. Kompyuta inasoma na kurekebisha nozeli, mara kadhaa kila sekunde chache. Kauri haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na ushee, ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndani. Bosch ndio walioanza kuiuza, na magari ya kwanza kuibeba yalikuwa Volvo zilizopelekwa Marekani mwaka 1976.

Ukitaka kuelewa thamani yake, panda Lushoto. Unatoka Tanga usawa wa bahari, unafika Mombo, kisha unakwea kona kwa kona hadi mita zipatazo 1,400, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Gari la kabureta lililorekebishwa Tanga likifika huko hutoa moshi mweusi, kwa sababu petroli ni ileile na hewa imepungua. Gari la nozeli hujirekebisha, na kwenye mwendo wa wastani sensa ndiyo inayonyoosha hesabu ya mwisho. Ukikanyaga mafuta hadi chini kwenye mlima, kompyuta huacha kuisikiliza na kumwaga petroli zaidi ili kupata nguvu. Basi usiipime hali ya sensa kwa safari ya namna hiyo.

Toyota nyingi za wakati ule hazihitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya. Soma maandishi ndani ya kifuniko mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu tundu la jirani linaweza kuwa na umeme wa betri. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini. Ikimweka mara mbili, ikatulia, ikamweka mara moja, hiyo ni 21: sensa ya oksijeni au hita yake. 25 maana yake petroli kidogo, 26 petroli nyingi, na hizo mbili mara nyingi zinakutuma kutafuta kwingine: mipira ya hewa iliyopasuka, gasketi, nozeli zinazovuja, presha ya petroli. Ikimweka mfululizo bila kutulia, kompyuta haijaona kosa.

Kwa 21, chomoa soketi ya sensa na upime hita kwa multimita. Kwenye sensa nyingi za Denso zenye nyaya nne, hita ni nyaya mbili nyeusi, na ikiwa baridi hutoa omu 11 hadi 16. Isiposoma kitu, hita imekatika na sensa hiyo umeshaijua. Ikiwa nzima, rudisha soketi, pasha injini moto, iweke kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika moja au mbili, upime waya wa buluu kwa nyuma ya soketi. Namba zinapaswa kucheza juu na chini ya 0.45, mara 8 au zaidi kwa sekunde 10. Zikiganda chini, chomoa kisafisha hewa na upulize kidogo dawa ya kusafishia kabureta. Zikiruka juu ghafla, sensa iko hai. Katafute hewa inayoingia kusikotakiwa. Zisiposogea kabisa, sasa nenda dukani.

Dukani uende na namba ya chesisi na ile kuukuu mkononi. Baadhi ya injini, hasa zilizotengenezwa kuchoma petroli kidogo, zina sensa ya aina nyingine yenye uzi uleule wa kufungia, na kompyuta haitaielewa ya kawaida. Sensa ya mtumba siinunui. Huwezi kujua imevuta oili ya injini gani.

Kazi yenyewe, huku kwetu, ni vita na kutu. Gari linalolala Raskazone linapepewa na chumvi usiku kucha, na lile linalobeba samaki kutoka Deep Sea linadondokewa na maji ya barafu yenye chumvi. Nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi. Washa injini dakika chache, izime, isubiri ipoe mpaka bomba liguswe kwa kitambaa: likiwa na uvuguvugu nati huachia kirahisi kuliko likiwa baridi kabisa. Ukilazimika kuingia chini, gari likae juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Kwa sensa ya kuzungusha unahitaji spana 22. Ikiwa imekufa kweli, kata nyaya zake upate kuvalisha ringi spana au soketi ndefu; spana ya mdomo huila kona za nati, na baada ya hapo utamwita mchomeleaji. Ikigoma, zungusha robo, irudishe, ongeza mafuta, rudia. Zile za nati mbili za 12 ndizo zinahitaji subira zaidi, kwa sababu bolti zake hukatika upesi.

Ikitoka, iangalie ncha. Masizi meusi ni petroli iliyozidi. Unga mweupe ni maji ya rejeta au silikoni, ile gundi ya gasketi ambayo mafundi wengi huipaka kwa wingi. Mvuke wake huiua kauri. Ukahawia wa kung'aa ni oili inayopita kwenye ringi. Ukifunga mpya bila kushughulikia chanzo, utairudia kazi hii.

Mpya ishike kwa sehemu ya chuma. Usiidondoshe, kauri hupasuka ndani bila kuonyesha nje. Paka grisi ya shaba kwenye uzi tu, na kama imetoka kiwandani imeshapakwa, usiongeze. Ile ya kuzungusha, izungushe kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza kwa nyutoni-mita 40 hadi 45. Kama lazima uunge nyaya, bana kwa viungio vya kubana, usichomee kwa risasi: sensa nyingi hupata hewa ya nje kupitia ndani ya nyaya hizo. Zifunge mbali na eksozi. Chomoa fyuzi ya EFI nusu dakika kufuta kosa.

Kuna wanaokushauri uichomoe sensa tu, au utoe masega ya kusafishia moshi yaliyomo kwenye eksozi uyauze kwa sababu ya platinamu na paladiamu iliyomo. Tafadhali usikubali. Sensa ikichomolewa kompyuta humwaga petroli kwa kubahatisha, na petroli ya ziada huyaunguza masega kwa ndani. Masega yakitoka, moshi ule mkali unabaki kwenye vichochoro vya Ngamiani, kwa usawa wa pua ya mtoto anayeendesha baiskeli nyuma yako.

Carina ya mwalimu ilifungwa gasketi mpya. Sensa aliyokuwa ameikataa, ya miezi mitatu, tuliirudisha, na ndiyo iliyompeleka Muheza.