Kuran ikikatika Kilibula, bomba nalo linakauka

Ukipita Kilibula, ile kartie ya Uvira, siku kuran imekatika, utaona mama na binti zake wanabeba bidoni kwenda ziwani. Mgeni atauliza: umeme na maji vinahusiana namna gani? Vinahusiana sana. Kiwanda kinachosafisha maji ya mji kinatumia umeme. Kuran ikienda, pompi zinasimama. Bomba likikauka, watu wanachota ziwani na mitoni, mule mule wengine wanamofulia na kuoga.

Wachunguzi wa chuo kimoja cha London walifuata jambo hilo Uvira toka 2009 mpaka 2014. Walilinganisha siku za maji na hesabu ya wagonjwa waliofika kwenye kituo cha kipindupindu. Kumbe, baada ya siku moja bila maji ya bomba, katika zile siku 12 zinazofuata, wagonjwa walizidi mara mbili. Siku moja tu! Basi tukiongea juu ya umeme, hatuongei habari ya televizyo peke yake.

Na linalouma ni hili: maji yanayozungusha mashine za Ruzizi karibu na Bukavu yanashuka mpaka ziwa letu, hapa kando ya Uvira. Ninyi jamaa za Kolwezi na Likasi mnajua habari kama hiyo. Laini ya Inga, kilometa zipatazo 1,700, ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi ya shaba. Inapita juu ya vijiji ambamo watu wanawasha koroboi, na umeme wake ni wa namna ambayo hauwezi kugawiwa njiani bila mitambo ya bei kali sana.

Ndiyo sababu siku hizi watu wanataka mitambo midogo: umeme unatengenezwa karibu na nyumba, kwa jua au kwa mto, na nyaya zinafika mtaa huo tu. Sheria ya 2014 ilifungua mlango, SNEL isibaki peke yake. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, walianza na mto mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni kikapata kuran. Goma, upande wa Ndosho, kampuni Nuru iliwasha pano za jua za megawati 1.3 mwaka 2020.

Je, Uvira? Mito iko, lakini tusisahau Aprili 2020, wakati Mulongwe ilipofurika na kubeba nyumba na watu. Mwenye kujenga mtambo kando ya mto kama ule afikiri mara mbili. Jua halina hasira hiyo. Ila betri zake ni ghali na zinazeeka, tena usiku ndipo kila mtu anataka taa.

Mimi naona pompi ipewe kuran kwanza, kabla ya wenye kunyoa nywele na wenye kuchaji simu (wasinikasirikie). Pompi inaweza kufanya kazi mchana, jua likiwaka, na kujaza tangi. Usiku maji yanashuka yenyewe, bila betri. Kweli, pompi kubwa ya mji inakula umeme mwingi, pano chache hazitoshi. Lakini pompi ndogo ya mtaa, yenye tangi lake, inawezekana.

Vijana, siku mafundi watakapokuja kupima, msiulize bei ya kuunganisha nyumba tu. Ulizeni pia nani atanunua betri mpya zile za kwanza zikifa, na feza hiyo itawekwa wapi toka mwezi wa kwanza.