Ulimi hufundishwa kupenda mboga za majani

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za mijini, sahani ya mlo wa jioni hujaa ugali au wali, kipande cha nyama au samaki, na pembeni kijiko kimoja cha mchicha kilichowekwa kana kwamba ni pambo. Mtoto hukisukuma kando, baba naye hukiacha, na anayekimaliza mara nyingi ni mama aliyekipika.

Hali hiyo imezoeleka kiasi cha kuonekana ya kawaida. Wengi huamini kuwa kupenda au kuchukia mboga za majani ni jambo ambalo mtu huzaliwa nalo, na kwamba aliyekwisha kuzikataa utotoni hawezi kubadilika. Utafiti wa lishe unaonyesha vinginevyo. Sehemu kubwa ya kupenda chakula ni mazoea, na mazoea hujengwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kiasi hicho ni sawa na sehemu tano za gramu 80 kila moja, na viazi, mihogo na ndizi za kupika havihesabiwi humo.

Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulibaini kuwa zaidi ya watu wazima tisa kati ya 10 hawakufikia kiwango hicho. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa takriban robo ya waliopimwa walikuwa na shinikizo kubwa la damu.

Kwa nini uchungu hukataliwa

Binadamu huzaliwa akipenda utamu, na maziwa ya mama humthibitishia kuwa kitu kitamu ni salama. Uchungu humtia shaka, kwa kuwa mimea mingi yenye sumu ni michungu. Kwa hiyo mtoto anayekunja uso anapoonja mnavu au nyanya chungu hafanyi jeuri. Mwili wake unamlinda kwa namna uliyoijua tangu kale.

Aidha, watu hawauhisi uchungu kwa kiwango kimoja. Mwaka 1931, mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akishughulikia unga fulani wa kemikali ambao baadhi ulipeperuka hewani. Mwenzake alilalamika kuwa ni mchungu mno, ilhali Fox mwenyewe hakuhisi ladha yoyote. Baadaye ilithibitika kuwa tofauti hiyo hurithiwa, na mwaka 2003 wanasayansi walitambua chembe ya urithi inayohusika nayo. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kula kabichi ya sufuria moja, mmoja akaifurahia na mwingine akaiona chungu.

Hata hivyo, urithi si hukumu. Ladha za chakula anachokula mama mjamzito hupita hadi katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na baadaye katika maziwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 nchini Marekani, baadhi ya wajawazito walikunywa maji ya karoti siku nne kwa wiki, kwa muda wa wiki tatu. Watoto wao walipoanza kulishwa, walikipokea chakula chenye ladha ya karoti kwa wepesi zaidi kuliko watoto ambao mama zao hawakunywa. Somo la kwanza la mboga, basi, huanza kabla mtoto hajazaliwa.

Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula, dawa ni kurudia. Tafiti mbalimbali zimeonyesha kuwa mtoto huweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara nane hadi 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu hadi tano, wakahitimisha kuwa mtoto wao "hapendi mboga".

Kurudia huko hakuhitaji fimbo. Kijiko kimoja kinatosha, na mtoto akikataa, kiondolewe bila ugomvi na kirudishwe siku nyingine. Kumwahidi soda ili amalize mchicha hudhuru zaidi, kwani mtoto hujifunza kuwa mchicha ni adhabu na soda ni tuzo. Mtu mzima naye hujifunza kwa njia hiyo hiyo, na mtoto anayemwona baba yake akila mboga kwa hamu huwa amekwisha kupata nusu ya somo.

Kinachotokea mwilini

Mboga za majani zina madini ya potasiamu, ambayo huzisaidia figo kutoa sodiamu inayotokana na chumvi na kuzilegeza kuta za mishipa ya damu. Mlo wa mjini wenye chipsi, nyama za kuchoma na viungo vya pakiti huwa na chumvi nyingi na potasiamu kidogo, na hapo ndipo shinikizo la damu hupanda.

Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1997 uliwahusisha watu wazima 459. Waliopewa mlo wenye mboga na matunda kwa wingi, pamoja na maziwa yenye mafuta kidogo, walishuka shinikizo la damu ndani ya wiki mbili, ingawa kiasi cha chumvi na uzito wao havikubadilishwa.

Faida ya pili hutokana na nyuzinyuzi. Tumbo haliwezi kuzisaga, hivyo hufika katika utumbo mpana zikiwa bado nzima. Huko bakteria wenye manufaa huzila na kutengeneza viini vinavyozilisha chembe za ukuta wa utumbo. Nyuzinyuzi pia hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, hulainisha choo na humfanya mlaji ashibe mapema. Sahani ambayo nusu yake ni mboga hupunguza ugali bila mtu kubaki na njaa.

Lipo pia suala la damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mboga za kijani zina madini ya chuma na foleti, vitu viwili vinavyohitajika kutengeneza damu. Lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Kukamua ndimu juu ya mboga, au kula chungwa baada ya mlo, hurahisisha ufyonzwaji wake. Chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia, hivyo ni vyema isubiri saa moja hivi.

Siri iko jikoni

Wengi wanaosema hawapendi mboga hawajawahi kuonja mboga iliyopikwa vizuri. Mchicha uliochemshwa hadi ukawa mweusi, maji yake yakamwagwa, umepoteza ladha pamoja na sehemu kubwa ya vitamini C na foleti, ambazo huyeyuka katika maji. Magadi yanayotiwa ili mboga ilainike upesi huharibu vitamini hizo zaidi na kuongeza sodiamu katika chungu.

Njia bora ni kuosha majani kabla ya kuyakata, kuyapika kwa dakika chache kwa maji kidogo, na kuyaepua yangali na rangi ya kijani. Kisamvu hakimo katika kanuni hiyo. Majani ya muhogo yana viini vinavyotoa sumu ya sianidi, hivyo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu.

Desturi ya kuunga mboga kwa tui la nazi au karanga zilizosagwa ina hekima kubwa. Mafuta hupunguza makali ya uchungu mdomoni, na papo hapo huuwezesha mwili kufyonza kiini cha rangi ya manjano kilichomo katika majani, ambacho hugeuzwa kuwa vitamini A, muhimu kwa macho na kinga. Kinachouridhisha ulimi hapa ndicho kinachoufaa mwili. Muhimu ni kiasi, kwani mboga inayoelea katika mafuta hubadili tatizo moja kwa jingine.

Kikwazo kingine ni fikra. Mjini, mboga za majani zimepewa sifa ya chakula cha shida, na jina la sukuma wiki lenyewe linakumbusha siku ambazo fedha zimekwisha. Mgeni huandaliwa kuku, na mlenda hufichwa. Mtoto anayekua akiona hivyo hujifunza dharau pamoja na ladha. Ilhali matembele, mgagani na majani ya maboga ni miongoni mwa vyakula vyenye virutubisho vingi zaidi vinavyopatikana gengeni kwa fedha kidogo. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne tu baada ya kupandwa, na huota hata katika gunia la udongo nyuma ya nyumba.

Zipo tahadhari. Wagonjwa wa figo huweza kutakiwa kupunguza potasiamu, na wanaotumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda hawapaswi kubadilisha ghafla kiasi cha mboga za kijani. Watu hao wazungumze kwanza na daktari. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache dawa zake kwa sababu ameanza kula mboga, na kachumbari ioshwe kwa maji safi na salama.

Kwa familia inayotaka kuanza, aina moja ya mboga kwa wiki inatosha, ipikwe kwa namna mbili au tatu tofauti, na kila aliyeketi mezani aonje, wakubwa wakitangulia. Itakayokataliwa wiki hii irudishwe mwezi ujao.