Misumari Mfukoni: Siri ya Kichupa cha Zambarau

Msomaji wa Kaloleni, Arusha, anauliza: alipokwenda kupima, mtaalamu wa maabara alimchoma sindano mara moja tu lakini akajaza vichupa vitatu, chenye kifuniko cha bluu, kisha chekundu, kisha cha zambarau. Vyote akavipindua polepole, juu chini, juu chini. Damu yote ile ya nini, na kupindua kule ni kwa ajili gani?

Damu yenyewe si nyingi: mililita kumi hivi, vijiko viwili vya chai. Habari za kufungwa mpira mkononi na kukunja ngumi naziruka, maana aliyewahi kuugua anazijua. Utamu uko kwenye kile cha zambarau. Ukikitazama utadhani ni kitupu, kumbe kuta zake zimepuliziwa EDTA, kemikali iliyobuniwa na mwanakemia Ferdinand Münz mwaka 1935.

Damu ikishatoka mshipani huanza kuganda. Kazi hiyo ni ya ujenzi. Mafundi ni protini, nyingi zikiwa zimetoka kwenye ini. Jukwaa la kujengea ni chembe sahani. Tatizo ni kwamba fundi na jukwaa wote wana chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Hapo ndipo inapohitajika misumari, yaani kalsiamu, ambayo ina chaji chanya na hushika pande zote mbili. Sasa EDTA huingia kwenye eneo la ujenzi, haimgombezi fundi wala haivunji mbao za jukwaa. Huokota misumari tu na kuitia mfukoni. Kila molekuli yake hubana kalsiamu kwa sehemu sita, haichomoki. Mafundi wapo, mbao zipo, jengo halisimami.

Kichupa cha bluu nacho huokota misumari, ila kwa kutumia sitireti, isiyobana sana. Maabara hurudisha kalsiamu kwa makusudi, pamoja na kichocheo, na kuhesabu sekunde mpaka damu igande. Ndiyo sababu lazima kijazwe hadi kwenye mstari: sehemu tisa za damu kwa moja ya sitireti. Damu ikipungua, mifuko inazidi misumari, na mgonjwa mzima ataonekana ana damu isiyoganda.

Kupindua ni kuifikisha dawa kila pembe kabla ujenzi haujaanza. Ukitikisa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na majibu huharibika. Mpangilio nao una maana. EDTA ya vichupani huja na potasiamu. Tone lake likiingia kwenye chekundu, majibu yatasema potasiamu imepanda na kalsiamu imeshuka, na daktari anaweza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Kwa hiyo zambarau husubiri.

Chekundu huachwa kigande kabisa, kisha hutumika majimaji yanayobaki juu. Hapo maabara inafanya jambo ambalo wafugaji wa Kimaasai wanalijua tangu zamani. Hufunga kamba shingoni mwa ng'ombe mpaka mshipa utune, huupiga mshale usiozama sana, hukinga damu kwenye kibuyu, kisha huikoroga kwa kijiti. Nyuzi za faibrini, ambazo ndizo kuta za jengo letu, hujizungusha kwenye kijiti na kutolewa. Damu iliyobaki haigandi tena. Wao hawakuficha misumari. Waliacha kuta zisimame, wakazing'oa. Kwangu mimi hiyo ni sayansi ya maabara, japo haina koti jeupe.

Turudi kwenye zambarau: kisipopinduliwa vizuri, vibonge vidogo hujitokeza ndani yake na kumeza chembe sahani, mashine ikahesabu chache kuliko zilizopo. Kwa hiyo ukiambiwa sampuli yako imeganda na urudi kutolewa nyingine, usidhani unasumbuliwa. Rudi.